Kusimama Tena na Mungu Baada ya Msimu Mbaya: Mwongozo wa Siku Arobaini

Maswali ni yale yale kila mwaka. Korosho zikishauzwa, fedha ikaisha na ada za Januari zikapita, watu huanza kunikamata njiani. "Mama, hivi mtu aliyeacha kusali anaanzia wapi?" Mwingine: "Mungu amenichoka, au mimi ndiye niliyemchoka?" Mwingine huzunguka kwa habari za mvua na mbaazi nusu saa nzima, ndipo aseme kwamba miaka mitatu hajaingia kanisani na anaona aibu kurudi.

Mimi si padre wala mchungaji. Ni mkulima wa korosho na katibu wa jumuiya, upande wa Masasi, njia ya Ndanda. Nimeyajibu maswali haya chini ya mkorosho wangu mara nyingi hata majibu yamepangika yenyewe, kwa hiyo nayaandika. Mimi ni Mkatoliki, ila nimesaidia Waanglikana, Walutheri na ndugu wa makanisa ya Kipentekoste kwa utaratibu huu huu. Pale njia zinapoachana nitasema.

Msimu mbaya nauita hivyo bila kuchagua. Ni msiba, ndoa iliyovunjika, deni, ugonjwa mrefu. Ni Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara ya Dar es Salaam ikakatika na watu wa Kilwa na Lindi wakapoteza mashamba na nyumba. Na wengine hawana tukio lolote la kutaja. Walikauka taratibu tu, wakastuka siku moja kwamba wanasema "Baba Yetu" kama mtu anayehesabu magunia. Mwongozo huu ni wao pia.

Kabla hujaanza, andaa vitu hivi

- Biblia. Tafsiri yoyote. Kama Kiswahili cha Biblia ya zamani kinakulemea, tafuta Habari Njema. Kama huna kabisa, azima. Ukimwomba katekista au mchungaji hatakuuliza sana.
- Daftari la bei rahisi na kalamu. Usitumie simu. Ukiandika kwenye simu, ujumbe wa mtu anayekudai utaingia katikati ya sala.
- Mtu mmoja. Asiwe anayekudai wala unayemdai, na awe hapeleki maneno. Muhimu kuliko yote, asiwe na haraka ya kushauri. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki wazuri kabisa. Mambo yaliharibika walipofungua midomo.
- Siku arobaini na tatu. Tatu za kupumzika (Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi), halafu arobaini za kazi zinazoanza Jumapili.
- Robo saa kwa siku, alfajiri kabla ya shamba au usiku watoto wakilala. Chagua moja usibadilishe.

Huhitaji mafuta, chumvi, kitambaa, maji ya chupa wala sadaka maalumu. Ukiona mahali unatakiwa ulipe kwanza ndipo uombewe, shika njia urudi nyumbani.

Onyo moja kubwa kabla ya yote. Kama unawaza kujiua, kama hujalala usingizi wa maana kwa majuma mawili, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usianze na mwongozo huu. Anza hospitali, leo, na mtu akusindikize. Sonona ni ugonjwa na una tiba. Kumeza dawa hakuzuii kusali, kama vile kumeza dawa ya malaria kusivyokuzuia.

HATUA YA 1: Kula, ulale (siku tatu)

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea mwanzoni kabisa. Mtu ameumia, amekonda, hajala vizuri mwezi mzima, na kitu cha kwanza anachotangaza ni kufunga siku saba bila maji. Siku ya tatu anazimia. Siku ya nne anasema Mungu hakumjibu.

Soma 1 Wafalme 19. Elia amekimbilia jangwani, amekaa chini ya mti, anaomba afe. Malaika anapofika hamhubirii. Anamwamsha ale mkate na kunywa maji. Elia anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamwambia ale kwa kuwa safari bado ni ndefu. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye sana, mlimani, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Kwa hiyo siku tatu hizi usijilazimishe sala ndefu. Kula vitu ulivyonavyo: uji, ugali wa muhogo na kisamvu, mbaazi, ming'oko (viazi vya porini) kama ni wakati wake. Lala mapema. Oga. Kama umekuwa ukinywa uraka (pombe ya mabibo) au gongo ili upate usingizi, siku hizi tatu zipitishe bila, na mwambie yule mtu wako mmoja kwamba unajaribu. (Kama umekuwa ukinywa sana, kila siku, kwa muda mrefu, usikate ghafla peke yako. Kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya. Pitia zahanati kwanza.)

Sala ya siku hizi ni sentensi moja kabla ya kulala: "Bwana, nimechoka, nipo hapa." Inatosha.

HATUA YA 2: Anza kusoma kwa mpango, Jumapili ya kwanza

Usifungue Biblia ukaweka kidole popote. Najua inafanyika. Mama mmoja aliweka kidole akaangukia mstari wa laana, akakaa juma zima hatoki ndani.

Mpango ni huu, sura moja kwa siku, isipokuwa Jumapili ambapo unasikiliza yanayosomwa kanisani au unapumzika:

- Maombolezo, sura 5
- Ruthu, sura 4
- Injili ya Marko, sura 16
- Wafilipi, sura 4
- Waraka wa kwanza wa Petro, sura 5

Jumla sura 34, na Jumapili sita, ni siku arobaini. Nimeupanga hivi kwa makusudi. Maombolezo ni kitabu cha watu ambao mji wao umeteketezwa. Lile neno tunaloliimba, kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi, limo humo katika sura ya tatu, katikati ya kilio, na baada yake kilio kinaendelea sura mbili zaidi. Halafu Ruthu, ambamo Naomi anarudi kijijini bila mume na bila wana, wanawake wanamlaki, naye anawaambia wasimwite Naomi bali Mara, yaani uchungu. Hakuna mtu katika kitabu kizima anayemkemea kwa neno hilo. Wafilipi iliandikwa na mtu aliyefungwa. Petro anawaandikia watu waliotawanyika ugenini. Katikati yupo Marko, kwa sababu Marko hana maneno mengi, na wewe sasa hivi hutaki maneno mengi.

Baada ya kila sura andika mstari mmoja tu kwenye daftari. Ukiwa huna la kuandika, andika tarehe.

HATUA YA 3: Chora safu tatu (juma la kwanza)

Kama una nguvu za hatua moja tu katika mwongozo mzima, fanya hii.

Fungua kurasa mbili za katikati ya daftari. Piga mistari miwili ya kushuka, upate safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika YALIYONIPATA, ya pili NILIYOYAFANYA, ya tatu NILIYOFANYIWA. Kisha teremsha kila jambo la msimu ule mahali pake.

Sababu ni rahisi. Yaliyokupata yanataka kilio. Uliyoyafanya yanataka toba. Uliyofanyiwa yanataka msamaha, na wakati mwingine yanataka haki. Mtu anayetubu msiba, au anayelilia dhambi yake kama vile ni mvua iliyomnyeshea, au anayetaka kusamehe kimbunga, atazunguka mwaka mzima bila kufika.

Tuseme wewe ni mkulima wa Tandahimba. Mama yako alifariki Machi. Ulikopa kwa ajili ya msiba. Ili kulipa, ukauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi, zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ulipofika, wenzako wakalipwa mnadani, wewe ukabaki unatazama. Ukaanza kushinda kwenye uraka. Ukamdanganya mkeo kuhusu fedha iliyobaki. Kaka yako naye akauza kipande cha shamba la marehemu bila kukuambia.

Kifo cha mama ni safu ya kwanza, hakuna ubishi. Uraka na uongo kwa mkeo, safu ya pili. Shamba lililouzwa, safu ya tatu. Na kangomba je? Hapo watu hubishana na mimi. Ningeigawa: ulikubali mwenyewe, kwa hiyo nusu iko safu ya pili, lakini aliyekupa fedha alijua una maiti ndani na hukuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nusu iko ya tatu. Jambo moja kukaa safu mbili si kosa. Kosa ni kulisukuma lote upande mmoja ili uhisi nafuu.

Mimi mwenyewe, mwaka niliomzika mume wangu, niliandika kila kitu safu ya pili. Hata homa yake niliiandika kama kosa langu, kwa sababu siku ile nilichelewa kutoka shamba. Mzee mmoja wa jumuiya niliyemwonyesha daftari hakusema kitu. Aliomba kalamu, akakata mstari juu ya neno "homa", akaliandika upya safu ya kwanza, akanirudishia kalamu yangu. Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko.

Ndiyo maana nasema umwonyeshe mtu wako mmoja. Macho yako peke yako hayaoni vizuri. Kuna wanaojitwika kila kitu, na kuna ambao safu yao ya pili ni nyeupe kabisa, safi kama kanzu ya ubatizo, na ya tatu imejaa mpaka pembeni.

HATUA YA 4: Lia mbele za Mungu (safu ya kwanza)

Sisi watu wa Kusini kulia tunajua. Msibani tunalia kwa sauti, na hakuna anayeona haya. Ajabu ni kwamba tukivuka mlango wa kanisa tunageuka. "Habari za matatizo?" "Namshukuru Mungu." Mtu ameunguliwa nyumba, anamshukuru Mungu. Shukrani ni njema, lakini ikitangulia kilio inakuwa kifuniko cha sufuria, na chini yake panaungua.

Fanya hivi:

a) Soma Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na humo Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini.

b) Andika zaburi yako kwa umbo hilo hilo. "Hata lini" zako nne, zitokane na safu ya kwanza. Usipambe. "Hata lini nitalala peke yangu kitanda hiki?" ni sala nzuri.

c) Andika ombi lako. Moja.

d) Mistari miwili ya tumaini, kama haitoki, iache wazi. Usinakili ya Daudi ili kujaza. Utairudia Jumapili ya sita, siku ya 36. Kama bado haitoki, basi bado.

e) Isome kwa sauti. Nenda shambani au ufukweni kama nyumba ina masikio.

Ukiona umezidisha, soma Zaburi ya 88. Inaanza gizani na kuishia gizani, na watu wa Mungu hawakuiondoa kitabuni.

HATUA YA 5: Tubu, na ulipe (safu ya pili, juma la pili)

Kwa Wakatoliki: tafuta siku ya kitubio. Vigangoni padre hafiki kila juma, kwa hiyo muulize katekista mapema au nenda parokiani umwombe nafasi. Hofu kubwa ya watu ni kwamba wamesahau maneno. Ingia useme, "Padre, nimesahau utaratibu, ni miaka kadhaa sijaungama." Atakuongoza. Nenda na safu ya pili peke yake. Dhambi za mumeo, za mama mkwe na za mwenyekiti wa kijiji ziache nyumbani.

Kwa Waanglikana wa huku kwetu kuungama kwa padre kupo pia, ni desturi iliyokuja na UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ingawa vijana wengi hawajui. Kwa Walutheri na Wapentekoste, mwendee mchungaji au mzee wa kanisa mnayeaminiana. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane. Haisemi tuungame kwenye kipaza sauti. Usikubali kusimamishwa mbele ya watu usimulie mambo yanayomhusu mwenzako au watoto wako.

Halafu kulipa. Sehemu hii mahubiri mengi huipita haraka. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kusema samahani. Alisema atarudisha mara nne. Wewe anza na mara moja. Kama ulikuwa upande wa pili wa kangomba, wewe ndiye uliyenunua korosho za jirani zikiwa maua, basi mwendee. Kama huna fedha sasa, mpe tarehe ya kweli: "Malipo ya mnada yakiingia benki nitakuletea kiasi fulani." Andika mbele yake. Deni lenye tarehe halimfukuzi mtu kanisani kama deni lisilozungumzwa.

HATUA YA 6: Samehe, lakini usichanganye (safu ya tatu)

Msamaha ni kuacha kumdai mtu maumivu. Kumpa ufunguo wa nyumba tena ni jambo jingine, na kufuta kesi ya shamba ni jambo jingine kabisa. Unaweza kumsamehe kaka yako na bado ukaenda baraza la kijiji na hati zako.

Chukua safu ya tatu, jina moja kwa siku, sema: "Bwana, huyu simdai kisasi. Nakuachia wewe." Jina likikataa kutoka mdomoni, ruka, rudi kesho. Kuna jina langu moja lililochukua miaka miwili.

Kama aliyekuumiza anakupiga au anakutishia, usirudi kwake kwa jina la msamaha, hata kama anayekushauri hivyo amevaa kola. Ondoka kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Msamaha unaweza kutolewa ukiwa mbali na salama.

HATUA YA 7: Rudi kwa watu (juma la tatu na la nne)

Anza na majirani, kanisa baadaye. Huku kwetu, hasa pwani, kuanzia Kilwa, Lindi hadi Mikindani, majirani wengi ni Waislamu, na kama ulikuwa na msiba ndio waliochota maji, waliopasua kuni, waliokaa jamvini siku zote za matanga wakati baadhi ya wanajumuiya walituma salamu. Nenda nyumbani kwao useme asante. Kaa, kunywa chai. Ukishindwa kuingia kanisani, hiyo hodi ya kwanza itakuwa imekufungua miguu.

Watani wako pia wasikukere. Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, tumezoea kutaniana hata makaburini, na mtani akikuchekesha siku mbaya kuliko zote usione dhambi kucheka.

Kisha jumuiya. Kwa wengi jumuiya ni rahisi kuliko kanisa, kwa kuwa mko kumi au kumi na tano uani kwa mtu, hakuna benchi la mbele. Fika mapema, usifike katikati ya wimbo na shingo zote zikageuka. Swali utaulizwa tu, kwa hiyo andaa jibu ukiwa nyumbani. Jibu zuri ni fupi:

"Mwenzetu, ulipotelea wapi?"
"Nilikuwa na wakati mgumu. Nimerudi. Leo tunasoma wapi?"

Hilo swali la mwisho ndilo linalokuokoa, linamgeuza mwulizaji aanze kutafuta ukurasa. Usitoe ushuhuda siku ya kwanza. Usikubali uongozi wa aina yoyote kwa miezi mitatu, wala uhasibu wala kwaya ya pasaka. Nimeona tukimpa mtu aliyerudi juzi kazi ya kukusanya michango ya jengo, ili "asipotee tena", naye akapotea mwezi uliofuata. Hilo kosa lilikuwa letu sisi viongozi.

Na nyinyi mnaompokea: acheni kumuuliza kuhusu michango ya nyuma. Mwacheni akae.

HATUA YA 8: Chagua kisiki kimoja (siku ya 30 na kuendelea)

Wakulima wanajua kitu ambacho wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamekifundisha kwa miaka: mkorosho mkongwe usiozaa si lazima ung'olewe. Unakatwa. Kisiki kinachipua. Machipukizi yakitoka unachagua machache yenye afya, mengine unayatoa, kisha unayabebesha vikonyo, yaani vitawi vilivyokatwa kwenye mkorosho mzuri. Mizizi ni ile ile ya zamani, lakini kinachozaa juu ni kipya. Mwaka wa kukata shamba linaonekana kama limepigwa na vita.

Ayubu 14 inasema jambo hili hili, kwamba mti una matumaini, ukikatwa utachipuka, harufu tu ya maji inatosha. Wahubiri wanaupenda mstari huo na huukatia hapo. Endelea kusoma. Mstari wa kumi Ayubu anasema: lakini mtu akifa, basi. Alikuwa analalamika! Anauonea mti wivu. Mkristo anausoma akijua kuna kaburi moja lililofunguka baadaye, na hicho ndicho kikonyo chenyewe, hakikutoka kwenye kisiki chetu.

Kazi yako ni hii: chagua jambo moja la maisha yako lililokatwa, moja tu, uanze kulihudumia. Sala ya jioni na watoto. Kwaya. Palizi ya nusu eka iliyoota magugu. Kumtembelea mgonjwa mmoja kila Alhamisi. Machipukizi yakiwa mengi yanakufa yote, kwa hiyo usiokoe kila kitu mwezi huu.

Ukidhani mambo hayawezi kuanza tena katika nchi hii, tazama Masasi. Askofu Steere wa UMCA alifika na watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, kazi ikahamia Newala. Wakarudi. Mwaka 1905 ikaja Majimaji, misheni ya Masasi ikachomwa, na misheni za Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, za Nyangao na Lukuledi zikaangamizwa. (Babu zetu walikuwa na sababu zao dhidi ya Wajerumani, na mimi si wa kuwalaumu.) Mwaka 1906 Ndanda ikaanzishwa. Hakuna aliyesubiri hasira ya moto ipoe ndani ya moyo wake ndipo achote maji ya kufyatulia matofali.

UKIKWAMA

"Nasali sihisi kitu." Kawaida. Hakikisha unakula na unalala, endelea na robo saa yako, usiiongeze iwe saa nzima ili kulazimisha. Ikifika siku ya 20 na bado hata chakula hakina ladha, watoto hawakufurahishi, kazi huiwezi, rudi kwenye lile onyo la mwanzo: nenda hospitali.

"Nimeruka siku nne." Usianze upya kutoka siku ya kwanza. Endelea na sura iliyofuata. Wanaoanza upya kila wakikosea huijua Maombolezo 1 kwa kichwa na hawajawahi kufika kwa Marko.

"Nikisikia nyimbo kanisani nalia." Kaa karibu na mlango, utoke, urudi. Nilifanya hivyo Jumapili saba.

"Wanasema nimerogwa, twende kwa mganga." Utaona hawataki uwe na safu tatu. Wanataka safu ya nne yenye jina la jirani au la bibi mzee wa nyumba ya pili. Mganga akitaja jina, utakuwa umeongeza dhambi mpya ya kutubu na umemweka mtu hatarini. Sali na mtu wako mmoja, na ugonjwa upeleke kwa daktari.

"Kuna mtumishi ameniambia nipande mbegu ya fedha ndipo nifunguliwe." Nilishampa mmoja. Fedha ya mbegu ilikuwa ndiyo fedha ya salfa, dawa ya mikorosho. Mwaka ule ugonjwa wa ubwiri unga ulikula maua yote, na mtumishi alikuwa ameshahama mji.

"Ndoa yangu haijabarikiwa, nitarudije?" Njoo hivyo hivyo kwenye jumuiya na ibada. Sakramenti zungumza na paroko, taratibu, kuna njia nyingi kuliko unavyofikiri, na nyingine ni ndefu. Usijihukumu mwenyewe ukakaa nje.

"Mume wangu anacheka nikisoma." Soma akiwa hayupo. Usimsomee mistari inayomlenga.

"Siku arobaini zimekwisha na deni bado lipo." Litakuwepo. Chukua daftari, tazama ile tarehe uliyomwandikia jirani, na kama unaona hutaifikia, kamwambie kabla haijafika.